Mlio wa Upande wa Jiko

Benchi la kijiwe kile lilikuwa la mawe, limeegemea ukuta wa duka la rangi lililofungwa zamani, na mwisho wake mmoja ndipo Mama Birika alipoweka jiko lake la kahawa. Penye jiko hapo alikaa Sindano, fundi cherehani, ambaye leo hakujia kahawa. Alikuwa amemkimbia mjukuu wake. Jana, hospitalini, walimdunga dawa mkononi ili mashine itazame ndani ya mifupa yake kinachomuuma ni nini, wakamwonya: dawa hii hutoa mionzi, kwa siku mbili usipakate mtoto. Nyumbani alikuwa ameaga kwamba anakwenda kununua nyuzi, na bahati yake alirudi mtoto amelala. Leo mtoto yu macho. Angemwondoaje magotini bila wakubwa kuuliza?

Mawimbi, fundi redio, akatoa kidude chake mfukoni. Kila siku alipima mionzi ya gama, ile iliyomo katika mawe, udongo na anga tangu Mola aumbe dunia. Alipima kwa mapenzi tu, kama wengine wafugavyo njiwa.

— Milio hamsini na kitu kwa dakika, alisema, akiwa mwisho wa mbali wa benchi. Imepanda, na mvua iipandishayo haijanyesha.

— Jana thelathini, juzi thelathini, alisema Kipaza, kinyozi. Leo umepata cha kuongea.

Mawimbi akakisogeza kuelekea jiko. Kidude kikatatarika kama mahindi kwenye sufuria. Akakizima, akakiwasha. Kikatatarika vile vile.

— Mia nane, alisema taratibu.

— Makaa hayo, alisema Hakimu, karani mstaafu wa mahakama.

— Makaa ni ya gunia lile lile, mzee wangu, alisema Mama Birika.

— Basi ni birika, alisema Kipaza. Shaba hiyo imeyeyushwa kutoka kwenye mabomu. Mteja wangu mmoja aliniambia.

— Alikuambia, au ulimwambia?

— Wee cheka, Mawimbi. Nikinywa kahawa yake silali.

— Hulali kwa sababu unakunywa vikombe sita, alisema Mama Birika.

— Na nywele za mtaa huu, mbona zinakua upesi hivi? Mimi ndiye nizikataye.

— Tusifanye mzaha, alisema Hakimu. Kama si makaa wala birika, basi chini hapo kumezikwa kitu, na huyu ndiye aliyepachagua. Mama, jiko liondoke leo. Kesho nitaonana na watu wa manispaa.

Mama Birika hakubishana. Alianza kuvipanga vikombe ndani ya ndoo. Jiko hilo ndilo lililowasomesha wanawe, na Sindano alijua, kwani sare zao alizishona yeye. Akisema hapa, habari itatangulia kufika nyumbani.

Msukuma mkokoteni mmoja, mgeni kwao wote, alikuwa akisubiri kikombe chake.

— Samahani, wazee wangu. Makaa ya jana, birika la jana, benchi la jana. Leo hapa kuna nini ambacho jana hakikuwapo?

Hakimu akalitazama birika. Kipaza akainama, akachungulia chini ya benchi.

Sindano akainuka. Akavuka barabara polepole, maana nyonga ilimkatalia haraka, akasimama penye ukuta wa upande wa pili. Nyuma yake mlio ukapungua, ukapungua, ukawa tone moja moja.

— Thelathini, alisema Mawimbi, kwa sauti ya chini. Akakizima kidude, akakitia mfukoni.

Mama Birika akatoa kikombe ndooni, akakijaza, akavuka nacho.

— Usinikaribie, dada, alisema Sindano. Wamenikataza kupakata mtoto hadi kesho.

— Kwani mimi mtoto?

Akampa kikombe, akasimama pale pale ubavuni pake mpaka alipokimaliza.