Chai ya Mkaguzi

Basi la kwenda Cardiff, huko Wales, lilikuwa halijatoka mji wa Aberdare vizuri, na Alwyn, mchimba makaa ya mawe mstaafu aliyependa habari za watu kuliko gazeti lake, alishajua kwamba mama aliyekaa pembeni yake akiwa amepakata mkebe anaitwa Gwenda, kwamba mgongo unamuuma huu mwaka wa sita, na kwamba serikali imemnyima posho ya ulemavu, naye leo anakwenda kusikilizwa rufaa yake.

"Eti nafanya kazi, kwa hiyo mzima," Gwenda alisema. "Asubuhi tatu tu kwa wiki, kwa dobi! Nikirudi nalala sakafuni kama zulia."

"Na mkaguzi wao wa posho hakuliona hilo?"

"Alikuja nyumbani. Kaandika nilibeba sinia la chai bila kuyumba."

"Ulimbebea chai?"

"Tena kwa vikombe vya harusi! Nimwache mgeni na koo kavu, mzee wangu? Alipoondoka nilikaa kitandani siku mbili."

"Ungelala palepale mbele yake, dada! Uugulie kwa sauti!"

"Mbele ya mtu nisiyemjua? Sina adabu?"

Alwyn akamfundisha njia nzima: leo kwenye rufaa asitabasamu, asiseme hajambo, asinyanyue hata kalamu. Gwenda aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema. Basi liliposimama Cardiff akajiinua polepole, uso umekunjamana kwa maumivu, mkebe kaukumbatia.

"Humo mna nini?" Alwyn aliuliza.

"Keki ya limau. Nimeamka alfajiri kuioka. Majaji nao ni watu, watakuwa hawajala."