Kabichi ya Nanyama na Baiskeli Isiyo na Mwenyewe

Mwaka wa hamsini na saba benchi letu lilikuwa Ngara, kwenye ukuta wa duka la vyombo, na wenyewe tulikuwa watatu. Odhiambo mwashi tulimwita Redio, kwa kuwa hazimiki. Zedekiah, karani wa bohari, alikuwa Gazeti. Mimi fundi cherehani waliniita Sindano. Jabir wa Lamu alituuzia kahawa. Jumamosi hiyo hakuna aliyegusa kikombe, maana kando ya jiko palikuwa na kabichi kubwa kuliko birika.

Jabir alisema imetoka Riruta, kwa Nanyama, yule mama wa Kibukusu anayekamua ng'ombe wa mzungu. Mzungu huyo amezika tangi la mavi ya ng'ombe, linampa gesi ya kupikia, na uji mweusi unaobaki humwagwa tu. Nanyama aliona jinsi nyasi zinavyoshamiri pale unapomwagwa, akaanza kuuchota. Halafu akaokota vichwa vya samaki na maganda ya kamba wa baharini kwenye soko la mjini, akayaosha chumvi, akayatwanga, akayachanganya na ule uji na kuyafukia shimoni mpaka harufu ikaisha. Hakufundishwa na mtu. Nilimvulia kofia palepale.

— Lakini hiyo kitu iko na gesi ndani, akasema Gazeti. Ndio maana imefura. Piga kisu, itatoa pumzi kama gurudumu.

— Gesi gani, bana? akasema Redio. Hiyo ni samaki. Samaki hajui kama amekufa, ananenepa tu huko ndani ya majani.

— Leta kiberiti uone kama haijipiki yenyewe.

Mimi sikukubali kuachwa nyuma. Nikawaeleza kwamba bahari ikijaa Mombasa, kabichi za Riruta nazo zinapanda. Jabir, aliyezaliwa hatua kumi kutoka majini, alinitazama kwa huruma akaendelea kuosha vikombe.

Jambo moja tulikubaliana: mama huyo ana akili. Gazeti alisema angefaa kuwafundisha mabwana shamba. Mimi nikatangaza, tena kwa sauti, kwamba mtu kama huyo hafai kukosa msaada wowote katika mji huu.

Mara akatokea mwenyewe, debe moja la maganda kichwani na jingine mkononi, harufu ikiwa imemtangulia. Kondakta alikuwa amemteremsha basini na mizigo yake. Alimweleza Jabir kwamba hoteli moja imekubali kuchukua kabichi zake zote za msimu ujao, mradi ziwe na ukubwa ule ule. Maganda yakishinda juani yataingia funza, shimo litakosa chakula, na miche haiwezi kungoja. Kisha akautazama ukuta.

— Hii baiskeli ni ya nani?

Redio akazimika. Gazeti akainamia kikombe chake. Baiskeli ilikuwa yangu, haijamaliza wiki mbili, na kila asubuhi niliipangusa kwa kitambaa cha suti. Niliona debe linavyochuruzika. Nikainama kufunga kamba za viatu.

— Haina mwenyewe, akasema Jabir taratibu. Chukua tu, mama.

Nanyama alifunga madebe nyuma kwa kamba, akapanda, akakata kona kuelekea Riruta. Jioni nilirudi Pumwani kwa miguu, na nilistahili.

Jumatatu niliikuta pale pale ukutani, imeoshwa mpaka spoki, kabichi imefungwa kwenye keria. Nanyama alikuwa akinywa kahawa, madebe mawili miguuni pake.

— Bado haijapata mwenyewe? akauliza.

— Ni yangu, nikasema.

— Najua. Basi shika debe hii, tunachelewa.