Bwana Alivyonikalisha Chini Baada ya Vita Vitatu

Bwana asifiwe, wapendwa! Hapana, hiyo amina imelegea. Nimesikia makuruta wenye njaa wakiitika vizuri kuliko hivyo. Bwana asifiwe! Haya, sasa tuko pamoja.

Kwa wasionijua, mimi ni Meja mstaafu Elisante, baba yake Salome, yule muuguzi. Nilikuwa ofisa wa kikosi cha majini, wale wanaoteremka kwenye boti na bunduki na kuingia ufukweni huku adui anawangoja. Nimepigana vita vitatu, na katika kila kimoja nilivishwa nishani. Sisemi hivyo kujisifu. Nasema ili mjue kwamba Mungu alipoanza kunishughulikia hakukuta mtu laini.

Vita vya kwanza vilikuwa visiwani. Nilikuwa luteni, damu inachemka, tukashuka alfajiri na kufikia adhuhuri mji ulikuwa mikononi mwetu. Tulirudi tukiimba, nikadhani vita ni kitu kizuri. Ujinga huo ulinitoka kwenye vita vya pili, katika mto mmoja wa msituni. Boti ya mbele ilibeba vijana wangu, niliowafundisha mwenyewe kuogelea na silaha. Ilipigwa mbele ya macho yangu. Nilipewa nishani kwa kuwaokoa waliobaki, lakini wale ambao hawakubaki hakuna aliyeniuliza habari zao. Vita vya tatu vilikuwa katika mji wa bandari, ambako mlango ukifunguliwa hujui anatoka mama na kapu lake au mtu na bomu.

Ndugu zangu, nilitoka huko mzima wa viungo, lakini sikuweza kukaa. Nasema kukaa kitako! Nilikula nimesimama. Ikilia sufuria, ukigongwa mlango, niko wima, na chochote kilichokuwa mkononi kiko sakafuni vipande vipande. Marehemu mke wangu alijaza nyumba vikombe vya plastiki, akawaambia wageni ndiyo fasheni. Kanisani kwetu nilisimama mlangoni ibada nzima, wazee wakanifanya mhudumu wa mlangoni wakidhani nina moyo wa huduma. Huduma gani! Nilikuwa kwenye lindo.

Basi Salome akajifungua hapa Maskati. Mumewe anafanya kazi melini, hayupo miezi mingi, kwa hiyo akaniita nije nimsaidie. Nikafika kwenye fleti yao ya Darsait, nikamwona Ibrahimu, mjukuu wangu wa kwanza. Salome akaninyooshea mtoto. Nikarudi nyuma. Nikasema mikono ina jasho. Kesho yake nikasema nina mafua, na mafua hayo hayakuisha. Ng'ambo ya barabara kuna karakana, mchana kutwa vyuma vinaanguka, na nilijua siku nikimshika mtoto na chuma kikilia, nitamwangusha. Nilimpenda mno, ndiyo maana sikumgusa. Lakini sikumweleza mama yake. Meja mzima aseme anaogopa kitoto kisicho na meno?

Likizo yake ya uzazi ilipokaribia kwisha, Salome alinijia analia. "Baba, mimi narudi wodini. Kama huwezi hata kumpakata, itabidi nimpeleke kwa mama mkwe Moshi, niwe namwona kwenye simu. Na kama humpendi, niambie tu nijue."

Ndugu zangu! Nimewahi kupigwa risasi ya paja, haikuniuma vile. Nilifunga, nikaomba, nikamuuliza Mungu kama alinitoa mtoni ili nije kumtenganisha mtoto na mama yake.

Mungu akajibu kwa mlango nisioutazamia. Jirani yetu wa chini, Bi Zuwena, ni Mwomani aliyezaliwa Unguja, mama wa Kiislamu ambaye kwa umri angeweza kunizaa. Siku moja alitualika kahawa na haluwa. Nikakaa kwenye zulia karibu na mlango, nusu nimechuchumaa. Kila binti yake alipoingia na sinia, mimi wima. Kisha kule karakana chuma kikaanguka. Niliruka, na kahawa yote ikaenda kwenye zulia lake.

Yeye akanipungia mkono taratibu. "Starehe, mwanangu. Starehe."

Nikakasirika! Kwetu bara starehe ni baa na disko, ndilo neno tunalolikemea madhabahuni. Nikamjibu kwa sauti ya gwaride, "Mama, mimi nimeokoka! Starehe niliziacha zamani!"

Salome akafunika uso. Bi Zuwena alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Subhanallah! Mie sijakwambia ukacheze ngoma! Kwetu mtu akiingia, walokaa wakitaka kuinuka, yeye huwambia starehe. Yaani kaa, usijisumbue kwa ajili yangu." Kisha akaacha kucheka, akanitazama. "Tangu ulipoingia nnakuangalia. Kila mlango ukilia, unainuka. Hebu nambie, unamwinukia nani?"

Nilifungua kinywa kutoa jibu la kijeshi. Nikajikuta nasema, "Vijana wangu." Nikaanza kutaja majina yao, majina ambayo sikuwahi kuyatamka tangu mtoni, mbele ya watu wasiowajua. Nililia, wapendwa, pale pale kwenye kahawa iliyomwagika. Na kila jina nililolitaja, yule mama aliitikia, "Mungu amrehemu." Salome alinishika bega, maana hakuwahi kusikia habari zile.

Hapo nikajua moyoni, wazi kabisa, kwamba vijana wale hawakunitaka nisimame. Wako mikononi mwa Bwana, na lindo ni lake. Yule aliyeinyamazisha bahari alikuwa anaongea na mimi kwa Kiunguja, na mimi mbishi namkemea!

Nikakaa. Kitako, miguu mbele. Nikamwambia binti yangu, "Sikumkataa mtoto. Niliogopa kumwangusha. Nipe nikiwa hapa hapa chini, akianguka asianguke mbali." Akamweka mapajani pangu. Na chuma kikalia, mnadhani shetani alikuwa likizo? Miguu ilitaka kuinuka. Lakini mikono haikwenda popote! Ibrahimu ndiye aliyeshtuka akalia, na mimi ndiye niliyembembeleza, "Nyamaza babu, ni chuma tu."

Haleluya! Sitawadanganya kwamba sishtuki tena. Juzi soko la Mawaleh kreti la nyanya lilianguka, nikajikuta nimelala nyuma ya matikiti, na muuzaji akaniuliza nataka moja au mawili. Nilicheka, nikanunua mawili. Salome anakwenda kazini kwake kwa amani, mtoto hakupelekwa Moshi, na mimi nabadilisha pampasi kwa kasi ambayo jeshi halikunifundisha.

Wapo watakaouliza mbona mama wa Kiislamu yumo ndani ya ushuhuda wangu. Mungu hakuniomba ushauri wa kuchagua mjumbe. Namshukuru yeye, na yule mama namwombea baraka kila siku.

Nawe uliyebeba vita vyako, pengine si vya bunduki, pengine ni vya ndoa, au vya kafili, huyo mwajiri aliyekudhamini kisha akakushikia pasi yako ya kusafiria, mwamini Bwana. Mtajie majina unayoogopa kuyataja. Atayapokea, na hatakucheka ukilia.

Ningeendelea, mchungaji, lakini nasikia mtu analia huko nyuma, na sauti yake naijua. Salome, usitoke naye nje. Mlete huku kwa babu yake.