Kitenzi Alichobakiwa Nacho Ferdinand Rwegoshora

Marehemu Ferdinand Rwegoshora alizaliwa tarehe 9 Mei 1942, Kamachumu, Bukoba. Dada yake Honorata, aliyemfuata, husema kaka yake alianza ubishi kabla ya kuota meno.

Baada ya sekondari ya Ihungo, mwaka 1963 alikwenda kusomea kilimo Novi Sad, Yugoslavia. Lugha ya huko ilimtoa jasho. Desanka, msichana wa maktaba, akamwandikia kitenzi kimoja, voleti, yaani kupenda, juu ya bahasha ya mbegu: volim, napenda, voliš, unapenda, voli, anapenda, volimo, tunapenda, volite, mnapenda, vole, wanapenda. Marehemu alikikariri wiki nzima, akarudi kumsomea. Alipofika "unapenda" akanyamaza, akangoja jibu.

Walifunga ndoa tarehe 13 Juni 1970. Honorata akaandika barua: "Huyo Mzungu wako usimlete hapa." Hakumleta. Wala yeye mwenyewe hakurudi tena nyumbani.

Mwaka 1975 walihamia Beltsville, Maryland, Marekani, alikofanya kazi maabara ya mbegu na kuwaambia maprofesa ukweli bila kuvua kofia.

Februari 1987 alipatwa na kiharusi. Kihaya, Kiswahili na Kiingereza vikafutika. Kikabaki kitenzi kile, kizima, nafsi zote sita kwa mpangilio. Madaktari walisimama mlangoni kumsikiliza kama watu walioingia kanisani. Akitaka maji, volim. Akiletewa supu ya kabichi, volim vilevile, ila kwa uso wa mtu anayeshtaki.

Septemba mwaka huu wa 1988 Honorata alifika Beltsville, na kahawa ya kutafuna ndani ya khanga, ile ambayo Mhaya humpa mgeni aliyemkubali. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Kaka, nisamehe ile barua."

"Volim."

"Anasema nini?"

"Anapenda, wifi," Desanka akajibu kwa Kiswahili alichofundishwa na mumewe.

"Anapenda nini? Mimi nataka kujua kama amenisamehe!"

Marehemu akainua kidole. Volim: akajigusa kifua. Voliš: akamgusa Honorata. Voli: akamwonyesha Desanka. Volimo: akazungusha kidole, akawakusanya wote watatu. Volite: wao wawili. Vole: akaelekeza dirishani, kwa wote wasiokuwapo.

Honorata akafungua khanga yake. Akapasua tunda la kahawa, lenye punje mbili, moja akampa Desanka.

"Tafuna, wifi. Chungu kama mimi."

Marehemu alifariki Jumatatu, tarehe 3 Oktoba 1988, saa nne asubuhi, mkono mmoja kwa mkewe, mmoja kwa dada yake. Ameacha mjane, Desanka. Binti, Rosemary, anayeelewa lugha zote za nyumbani na kuzijibu kwa Kiingereza. Na dada, Honorata, ambaye sasa anakijua kitenzi chote.

Leo naye yuko upande ule wa dirishani. Apumzike kwa amani, na atakayepita kaburini amjibu: volimo.