Gari la Kulala na Mtu wa Eda

Muhsina: Haloo? Nani mwenzangu?

Husna: Ni mimi, dada. Husna. Shikamoo.

Muhsina: Marahaba. Mbona namba ngeni?

Husna: Laini yangu ya siku zote haishiki huku. Hii inashika kwa kubahatisha. Nasikia cherehani, unashona nini?

Muhsina: Lile hema la ubavuni mwa gari. Nimebakisha kingo mbili. Ngoja nitoe mguu... Haya. Umefika?

Husna: Nimefika mapema tu, kutoka uani kwako Msambweni mpaka huku si mbali. Nimepita shamba la Mzee Kavumbi, nikateremka kwenye minazi mpaka pwani, pale pale uliponielekeza. Wallahi dada, gari linapendeza hapa! Nimefungua madirisha ya mbele, kitanda kinatazama bahari, upepo—

Muhsina: Mzee Kavumbi ulimpigia hodi kwanza?

Husna: Nilimpigia. Kanipa ruhusa, na dafu juu.

Muhsina: Alhamdulillahi. Sasa tuipange upya, toka mwanzo. Kesho wageni unawachukua wapi?

Husna: Diani, wote wanne. Yule Rispah wa Nairobi kanipigia tena asubuhi. "Aki Husna, hiyo gari iko na pa kuchaji simu? Na choo je? Na nyoka?" Nikamwambia nyoka hawana nauli ya kupanda.

Muhsina: Usimfanyie mzaha, mwambie kweli. Choo ni cha Mzee Kavumbi, na mtu hupiga hodi.

Husna: Nimemwambia. Kasema iko poa.

Muhsina: Haya. Kutoka Diani?

Husna: Gazi. Wanatembea kwenye daraja la mikoko kabla jua halijakuwa kali, wanakula kwa kina mama pale. Kisha tunakuja kulala hapa. Kesho yake Bodo, naacha gari kijijini, wanavuka kisiwani Funzi kwa boti—

Muhsina: Boti ya nani?

Husna: Ya Seifu.

Muhsina: Mpigie tena leo. Seifu akisema inshallah mara moja, anakuja. Akiisema mara tatu, tafuta mtu mwingine.

Husna: (anacheka) Kaisema mara mbili.

Muhsina: Basi mpigie. Usicheke, Husna. Hii ndiyo safari ya kwanza tangu Nassir afariki, na Mbwana anaitazama.

Husna: Huyo shemeji yako naye! Kaka yake hata hajapoa kaburini—

Muhsina: Usiseme hivyo. Alikuwa akiliona gari limesimama uani tangu tulipozika, kuku wanalala chini yake. Kaniambia safari hii ikienda sawa, gari libaki kwangu nifanyie kazi. Isipokwenda, mnunuzi wa Lunga Lunga anakuja kulichukua Jumamosi. Mimi sikuona ubaya wake.

Husna: Ubaya ni kwamba wewe umefungiwa ndani, na mimi ndiye niliyeachiwa usukani. Mimi ni mtu wa mapokezi hotelini, dada. Kazi yangu kutabasamu.

Muhsina: Sijafungiwa. Nakaa eda ya mume wangu, kama mama yetu alivyokaa. Siku zikitimia nitatoka. Mpaka hapo wewe ndio miguu yangu, na mimi nitakuwa... Naam, mama? ... Ni Husna, mama. ... Ndiyo, mambo ya gari. ... Haya.

Husna: Mama mkwe?

Muhsina: (kwa sauti ya chini) Ameingia na ungo wake. Kakaa mkekani anachagua mchele.

Husna: Kakunja uso?

Muhsina: Hajakunja. Hasemi tu. Tangu msiba, Bi Mwanarusi hajalitaja gari la mwanawe hata siku moja. Akipita uani alikuwa akilizunguka kwa mbali.

Husna: Mungu ampe subira. Haya, mimi nawasha jiko nione kama gesi inapita. Kama kesho wanataka chai ya— (kelele za mtandao) —mbona bahari imenijia hivi?

Muhsina: Umesemaje? Unakatika.

Husna: Nasema bahari. Nilipofika ilikuwa kule mbali kwenye miamba, watu wanaokota pweza. Sasa iko hapa.

Muhsina: Hapa wapi? Umepaki mbele ya lile jiwe au nyuma yake?

Husna: Mbele, upande wa bahari. Si wewe uliniambia? Kwamba mbele ya jiwe mchanga ni mgumu, ndipo shemeji alipokuwa akipaki.

Muhsina: Basi usiogope. Siku hizi ni za maji mafu, hayapandi mpaka hapo. Yatajaa kidogo yarudi.

Husna: Dada, hayarudi.

Muhsina: Nyuma ya gari pana nini?

Husna: Mchanga. Halafu mwani, umetandazwa mstari mrefu, usawa wa lile jiwe. Kina mama wameuanika.

Muhsina: Msambweni hapo hakuna anayeanika mwani.

Husna: Sasa ni nani kau—

Muhsina: Ngoja. Naam, mama? ... Sema tena, mama. ... Husna.

Husna: Nakusikia.

Muhsina: Ondoa gari. Sasa hivi.

Husna: Kuna nini?

Muhsina: Mama anasema mwezi ni mpevu. Ni bamvua, maji makuu. Huo mwani haukuanikwa na mtu, umeletwa na maji ya jana. Maji yatapita gari.

Husna: Ya Rabbi! Sasa wewe hizo siku ulizihesabu vipi?

Muhsina: Sikuzihesabu. Dirisha langu linatazama ukuta wa jirani, mwezi siuoni. Hesabu ya eda nilimwachia mama, kwa sababu nikihesabu mwenyewe siku haziishi. Nikadhani... Na wewe je, jana hukuuona mwezi?

Husna: Kwangu Ukunda? Ukunda ninaziona taa za baa!

Muhsina: Panda garini. Washa. Rivasi, polepole.

Husna: Nakuweka kwenye spika. (mngurumo wa injini) Linakwenda... linakwenda... (mngurumo mkubwa) Dada, haliendi!

Muhsina: Usikanyage! Nalisikia mpaka hapa kitandani, usikanyage hivyo!

Husna: Linazama! Tairi ya nyuma imeingia nusu!

Muhsina: Zima. Zima, Husna. Toa mguu. Umezima?

Husna: Nimezima.

Muhsina: Maji yako wapi?

Husna: Hatua chache. Yakija hivi yanagusa, yakirudi yanachimba. Dada, njoo.

Muhsina: Husna.

Husna: Ni hapa tu chini! Ukipita nyumba ya Mzee Kavumbi umefika. Vaa buibui lako, jifunike uso, nani atakujua?

Muhsina: Mimi nitajijua.

Husna: Hata sheria inaruhusu dharura!

Muhsina: Dharura ni mgonjwa. Dharura ni moto. Siwezi kumwachia mama nyumba nikakimbilia gari, mbele ya macho yake, katika eda ya mwanawe.

Husna: Na gari likienda na maji utakula nini? Eda?

(kimya)

Husna: Nisamehe, dada. Nimeropoka.

Muhsina: Hukusema uongo. Ila punguza sauti, anasikia.

Husna: Basi nimpigie Mbwana aje na kamba.

Muhsina: Usimpigie Mbwana! Akiliona hivyo, Jumamosi imekwisha fika. Kuna wanaume hapo pwani?

Husna: Hakuna mtu. Mzee Kavumbi kasema vijana wote wamekwenda harusi Gazi, na yeye mgongo unamsumbua.

Muhsina: Basi nisikilize. Punguza upepo matairi yote. Nassir alikuwa akibonyeza kile kipini kwa msumari, upepo unatoka mpaka tairi inalegea kama embe bivu, ipate kushika mchanga. Msumari uko kwenye kopo chini ya kitanda.

Husna: Naangalia... kijiko... mshumaa... nimeupata.

Muhsina: Anza na ya nyuma. Halafu kimbia kwenye lundo la makumbi ya nazi pale kwa Mzee Kavumbi, uje uyajaze nyuma ya matairi, yawe... Mama?

Husna: Nini tena?

Muhsina: Ameweka ungo chini. Anajifunga leso. ... Mama, unakwenda wapi? ... Ametoka.

Husna: Hakujibu?

Muhsina: Hakujibu. Kachukua simu yake chini ya mto wa kitanda, akatoka.

Husna: Anakwenda kumpigia mwanawe. Tumekwisha.

Muhsina: Huenda. Ni mwanawe, ana haki ya kumwambia. Wewe toa upepo.

Husna: Natoa. Unasikia? (sauti ya upepo unatoka) Ya pili hii. Maji yamefika kwenye bampa la mbele, dada. Yamefika!

Muhsina: Usiyatazame maji, tazama msumari.

Husna: Wewe unasema hivyo kwa sababu umekaa—

Muhsina: Nimekaa, ndiyo. Nimekaa kitandani, nimeshika hema la gari ambalo silioni. Nasikia maji kwenye simu na nayasikia kwa nje, yote mawili. Toa upepo, mdogo wangu.

(upepo unatoka)

Husna: Ya nne tayari. Nakimbilia makumbi. Nita— Heee!

Muhsina: Nini?

Husna: Kuna mtu anateremka kwenye minazi. Mwanamke. Ana kapu kichwani na pauro mkononi. Dada, ni Bi Mwanarusi!

Muhsina: Mama?

Husna: Shikamoo, Bi Mwanarusi! ... Kaitikia kwa kichwa tu. Kapu limejaa makumbi. Kapiga magoti. Dada, anachimbua tairi kwa pauro!

Muhsina: Msaidie! Magoti yake mabovu!

Husna: Nimeiweka simu juu ya kiti. (sauti za mbali, kuchimba, maji) ... Anasema nijaze huku. ... Anasema si hivyo, nyuzi zielekee nyuma. ... Haya, bibi. Haya. ... Anasema niwashe.

Muhsina: Polepole. Mguu wako uwe kama unakanyaga yai.

Husna: Bismillahi. (mngurumo mdogo) Linapanda... linapanda makumbi... tairi ya kulia imetoka! Bibi, ondoka hapo nyuma! ... Tumepita jiwe! Dada, tumepita jiwe!

Muhsina: Usisimame!

Husna: Limesimama lenyewe. Ya kushoto imeingia tena. Lakini tumeupita ule mwani. Maji yanapiga jiwe yanarudi.

Muhsina: Yanarudi kweli?

Husna: Yanarudi. Anasema ndio mwisho wake haya, hayazidi hapo.

Muhsina: Alhamdulillahi. Mama yuko wapi?

Husna: Yuko... amepanda ndani.

Muhsina: Ndani ya gari?

Husna: Amekaa kitandani, na mchanga wake na leso iliyolowa.

Muhsina: Anafanya nini?

Husna: Hafanyi kitu. Anatazama. Kafungua ile droo ndogo, kaifunga. Kaifungua tena.

Muhsina: Ile inakwama. Nassir alisema ataipiga randa.

Husna: (kwa sauti ya chini) Dada, simu yake inalia. Nimeliona jina. Ni Mbwana.

Muhsina: Anapokea?

Husna: Anapokea. ... Anamwitikia salamu. ... Anasikiliza. Mzee Kavumbi lazima kampigia, alituona. ...

Muhsina: Husna. Anasema nini?

Husna: Kasema, "Gari liko pwani. Lina kazi." Basi. Kakata.

Muhsina: Hivyo tu?

Husna: Hivyo tu. Sasa ananiambia nisilitoe leo, mchanga umelegea. Kesho baada ya alfajiri maji yakianza kutoka, tuichimbue hiyo tairi, nikajaze upepo Msambweni mjini, niwahi Diani. Na usiku huu analala humu humu, alilinde.

Muhsina: Alale pwani? Na baridi?

Husna: Nimemwuliza. Kasema kitanda ni kipana. Dada, unalia?

Muhsina: Ameuacha mlango wazi.

Husna: Nani?

Muhsina: Mama. Tangu nianze eda, hajawahi kutoka bila kuurudisha. Leo ameuacha wazi wote. Naona mnazi wa Mzee Kavumbi, na kipande cha bahari, kidogo kama kitambaa.

Husna: Basi toka hata kizingitini utuone. Nitakupungia mkono.

Muhsina: Hapana. Nasogeza cherehani hapa penye mwanga. Kesho pitia hapa, uchukue hema.

Husna: Si umebakisha kingo mbili?

Muhsina: Moja nitaimaliza kabla ya magharibi. Ya pili kesho. Na mpe mama shuka ile nene, iko—

Husna: Iko wapi? Dada, kredo ya simu inakwisha, iko wapi?

Muhsina: Iko kwenye droo ya chini, upande wa Nassir, ukiivuta uinue kidogo kwa—