Karata Imesimama kwa Nani

Kijiwe cha Swedi kilikuwa ng'ambo ya stesheni ya Dodoma, mahali ambapo upepo wa Ugogo hauna adabu hata kidogo: unakuta kahawa kikombeni, unaacha vumbi. Wanakijiwe walikalia masanduku yaliyotupwa na wajenzi wa reli, yakiizunguka meza ambayo nayo ilikuwa sanduku. Swedi waliyemwita Kirongozi, kwa kuwa zamani alitangulia misafara ya wapagazi kutoka Bagamoyo, siku hizi alitangulia birika. Bushiri, au Sufuria, alikuwa mpishi wa Mdachi mmoja wa reli. Bibi wa Mdachi huyo alimpa karata zake za kutazamia mambo, zenye picha za rangi, akaanza kumfundisha kuzisoma, lakini akapanda garimoshi kurudi kwao somo likiwa nusu. Na nusu ya elimu inawasha kama upupu, basi Bushiri alikuja kujikunia kijiweni.

Swedi alikuwa na mwana mmoja tu, Halfani. Aliondoka na kazi ya reli upande wa Tabora, na tangu hapo kimya. Kila alasiri mzee alimimina kahawa, kisha akauliza kama mtu anayeuliza habari za mvua:

— Sufuria, picha zako zinasemaje leo?

Bushiri alimpenda sana mzee huyu. Ile karata ya kifo, ya mifupa inayofyeka vichwa vya watu, alikwisha kuificha nyumbani, chini ya gunia la mchele, isije ikamtokea Swedi mbele ya macho. Akafunua karata ya kwanza: mzee mwenye joho, ameinua taa.

— Huyu mtu wa reli, Kirongozi. Anamulika njia. Halfani kapewa taa, kapanda cheo!

— Cheo gani! akadakia Matonya, Mgogo wa Mkonze waliyemwita Zizi, maana kila hadithi yake iliishia kwa ng'ombe. Huyo anatafuta ndama. Mtu mzima atoke na taa kutafuta nini kingine?

— Halfani ana ndama? aliuliza Swedi.

— Anamtafutaje kama hana? Na mwenye ndama ana ng'ombe. Mwanao tajiri, bwana!

— Nyie hamna macho, alisema Silvano, katekista, jina lake la kijiweni Amina. Tazameni ndevu hizo. Huyo ni mtakatifu.

— Halfani ni Mwislamu, wewe!

— Nimesema mtakatifu. Sikusema wa wapi.

Swedi alicheka kidogo. Bushiri akapata moyo, akafunua ya pili, na papo hapo akatamani angeificha pamoja na ile ya mifupa. Mtu ananing'inia kwa mguu mmoja, kichwa chini.

Kicheko kikakatika. Katika nchi iliyotawaliwa na Wadachi hakuna aliyehitaji kufundishwa maana ya kamba na mti.

— Wamemnyonga, Swedi alisema polepole. Mwanangu wamemnyonga.

— La, la, la! Ngoja! Bibi alisema karata ikisimama ina neno lake, ikipinduka ina neno lingine.

— Sasa hii imesimama au imepinduka?

Bushiri alikodoa macho. Somo lilikuwa limeishia hapo hapo.

— Imesimama! alisema Matonya, aliyekaa ng'ambo ya meza. Nyie mmekaa vibaya. Kwangu mimi huyu kasimama mguu mmoja, wa pili kaukunja. Ndivyo tunavyosimama malishoni!

Akainuka, akaegemea fimbo yake, akakunja mguu juu ya goti. Alifanana na ile picha mpaka Bushiri akamshukuru Mungu.

— Umeona, Kirongozi? alisema Matonya. Anachunga. Kundi kubwa hilo, kundi dogo mtu hukaa chini.

— Na kwangu kalala, alisema Silvano, aliyekaa pembeni. Kalala kwa raha zake. Tajiri huyo, kaoa binti wa mtemi, ng'ombe wanachungwa na shemeji zake!

— Kalala wapi, wakati kasimama?

— Njoo ukae hapa nilipo uone!

Walikuwa wakibadilishana masanduku kwa kelele pale alipofika mwanamke mwenye kibuyu cha maziwa kichwani, Anyesi wa Msalato, mgeni wa kijiwe.

— Shikamooni, baba zangu. Mnamgombania nani?

— Marahaba. Mwanangu Halfani, alijibu Swedi. Yuko Tabora. Tunangoja arudi.

Anyesi aliitazama karata, akawatazama wazee.

— Na yeye anajua kama anangojwa?

 Matonya alishusha mguu. Bushiri alitazama birika, kwa sababu hakuweza kumtazama rafiki yake. Wote walikuwapo siku Halfani alipochukua sururu ya Wadachi, na Swedi, ambaye reli ilikuwa imemlia kazi yake, akamwambia: nenda, hicho chuma ndicho baba yako sasa. Tangu siku hiyo mzee hakukanyaga stesheni, na Tabora haikupelekewa neno lingine.

Ng'ambo, garimoshi la Tabora lilikuwa linanyweshwa maji.

— Sufuria, alisema Swedi. Yule mtia kuni wa garimoshi, rafiki yako...

— Petro?

— Anaweza kubeba neno?

— Anaweza. Neno gani?

 Swedi akaweka birika chini, akafunga shuka yake vizuri.

— Nitamwambia mwenyewe.

Wakamtazama akivuka reli, akiinua miguu juu mno, kama mtu anayevuka mto asioujua. Bushiri alizikusanya karata bila kuzitazama. Matonya akanyoosha mkono kwenye birika, Silvano akamzuia.

— Acha. Hiyo kahawa ya Halfani.

— Tabora mbali, Amina. Itapoa.

— Iache ipoe.