Taa Zilizofifia Nilipomzika Mtoto

Mama zangu, dada zangu, mmenizoea kwa sauti kubwa, leo nitaongea taratibu. Wa nyuma asiyesikia aseme. Mimi ni fundi wa taa za sola, nimeolewa kijiji cha Nambis. Sitataja mtu jina. Wengine wamo humu ndani, wanajijua.

Nilijifungua mtoto wa kike, akatoka amekufa. Kwetu mwanamke wa namna hiyo hukaa ndani kwanza. Hachoti maji na wenzake, haingii boma la mtu, maana inasemekana mkosi wake utashika hata ng'ombe. Nilikaa. Maziwa yakajaa kifuani na hakuna wa kunyonya, nikawa nayakamua kwenye kopo na kumwaga nyuma ya nyumba. Muda ulipokwisha wazee wakafanya taratibu zote, wakasema sasa niko huru. Nikachukua bisibisi na mita yangu, nikarudi kazini.

Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa sijawajua binadamu.

Nyumba za kwanza kuingia, taa zikaanza vituko. Huku kwetu kila nyumba inafungwa kisanduku kimoja cha kugawa umeme, kina matundu manne, kila tundu linalisha taa yake. Sasa ya sebuleni inawaka vizuri, ukiwasha ya jikoni ile ya sebuleni inafifia. Kesho yake inageuka, inafifia ya jikoni. Nikabadilisha kisanduku. Kipya nacho kikafanya vilevile.

Mama mkwe wangu alilisema hadharani, tena msibani kwa watu, tunakula: "Huyu alizaa giza. Mnampaje taa zenu?"

Watu wakacheka. Msibani, mnanisikia? Mume wangu alikuwepo, akaendelea kula. Tangu siku hiyo nikiwaamkia wazee shikamoo, wanatazama pembeni. Watoto wakakatazwa kupita kwangu. Kisha mama mkwe akaanza kumtafutia mwanawe mke mwingine, na mimi nikaambiwa nikaangalie kwetu, kijijini Daudi, kama bado kuna pa kulala. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, kubaki kwenye ile nyumba, maana mtoto wangu amezikwa pale.

Aliyenipokea ni mama mmoja mfugaji wa Balangdalalu, mtu mzima sana. Taa zake zilikuwa na ugonjwa uleule. Nikasimama nje ya mlango.

"Shikamoo mama. Kabla sijaingia, ujue mimi ndiye yule wanayemsema."

"Marahaba. Mimi nimezika wanne," akasema. "Ingia, jua kali."

Siku hiyo nikaapa sibadilishi kitu kabla ya kupima. Nikashusha taa zote, nikaziweka mezani, nikazifunga palepale kwenye kisanduku kwa waya mfupi. Zikawaka sawasawa. Nikazihamisha matundu, ya jikoni nikaipa tundu la sebuleni. Bado sawasawa. Basi kisanduku hakina shida. Nikazirudisha juu, zikafifia. Hapo nikajua ugonjwa uko katikati, kati ya taa na kisanduku.

Na katikati pale, wenzangu, ni bati. Sisi mafundi wa huku, ili kuokoa waya, tunapeleka mmoja tu kwenye taa. Ule wa kurudisha umeme tunaupigilia kwenye bati, paa lenyewe ndiyo waya. Wote tunafanya hivyo, ndivyo tulivyofundishwa. Sasa mabati yanashikana kwa misumari, na misumari ilishaliwa na kutu. Umeme wa taa zote ulikuwa unagombania kupita kwenye kutu ileile. Bati likipata joto linaachia, likipoa linashika. Nikavuta waya wa kurudi kwa kila taa, mpaka kwenye kisanduku. Tukawasha moja moja, halafu zote pamoja. Hakuna iliyotikisika.

Nikakaa chini nikalia kwa sauti. Yule mama akaniacha nilie, akaendelea kutikisa kibuyu chake cha maziwa.

Habari ikafika Nambis. Wakaja, tena kwa adabu, fundi njoo, fundi njoo. Hakuna aliyesema samahani. Nikawatengenezea wote. Ya mwisho ilikuwa nyumba ya mama mkwe. Akawasha taa zote, akazitazama, akanigeukia.

"Haya, taa ilikuwa kutu. Na mtoto ilikuwa nini?"

Nikamwambia, "Sijui, mama. Alikuwa mjukuu wako." Akazima taa, akaingia chumbani. Habari ya mke mwingine haikusemwa tena, na mimi bado naishi pale.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule mama wa Balangdalalu, na nyie wachache mliokuja kulima shamba langu wakati wengine wananikwepa. Nililojifunza ni hili: kitu kikiharibika, kipimeni hicho kitu, mtu mwacheni. Na kuna mengine utapima mpaka uchoke, hutapata wa kumlaumu, kwa sababu hayupo.

Juzi hapa kijijini kuna dada amezika kichanga. Amekuja leo, yule pale mlangoni, na benchi lake zima liko tupu. Nimemaliza. Naenda kukaa naye.